Wakubwa Watangulie

Hakuwa na nyumba. Hakuwa na kiwanja cha kujengea hiyo nyumba, wala mjomba mwenye cheo wa kumtafutia kiwanja. Hakuwa na cheti cha ufundi wowote. Hakuwa na sauti nzito, wala kitambi cha kupumzishia mikono wakati wa kusema jambo la maana, na nywele za mbele zilikuwa zimemkimbia mapema, kama watu waliosikia kuna kabati la kubeba. Zaidi ya yote, hakuwa na nafasi ya maana kwenye mstari. Na katika familia aliyooa, mtu wa namna hiyo alikuwa sawa na trei tupu: inasukumwa pembeni kwa mguu, kazi inaendelea.

Alichokuwa nacho ni mke, na mke huyo alimpenda, jambo ambalo wakwe zake walilitaja mara kwa mara kama mojawapo ya maajabu ya dunia.

Mke alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba yenye bekari. Wote walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba, na waliendelea kumwita hivyo hata tumbo lake mwenyewe lilipoanza kumtangulia mlangoni. Mumewe wakamwita Mkwe. Jina lake halisi walilisikia siku ya ndoa, wakaona halina haja.

Bekari yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu na chembamba kama soksi. Mbele, upande wa barabara, palikuwa na duka dogo alimokaa Bibi, mama yake Baba Mkwe, akiuza mikate na kuwagombeza wanaoiminyaminya. Nyuma ya duka zilifuata meza za kukandia unga, kisha tanuri kubwa la matofali upande wa kushoto, kisha meza ya kupangia mikate. Mwisho kabisa, kwenye kidole cha soksi, palikuwa na mlango wa nyuma. Ulikuwa mlango kwa jina tu. Mbao mbili zilikuwa zimepigwa juu yake zikapishana kama mkasi, na misumari mirefu ikapigiliwa kila kona.

Aliyeupigilia ni marehemu Babu, mwanzilishi wa bekari. Kwa nini aliupigilia, hakuna aliyejua, na kutojua huko ndiko kulikoupa mlango heshima yake. Kila aliyerithi kiti cha Babu aliongeza msumari mmoja siku ya kukikalia. Mfanyakazi mpya alipelekwa kuugusa mlango kwa kiganja kabla hajagusa unga. Ilisemwa kwamba siku mlango ule utakapofunguliwa, hamira itagoma na mkate hautaumuka tena. Bekari nyingine za mji huohuo zilikuwa na milango ya nyuma iliyo wazi kutwa nzima, na mikate yao iliumuka mpaka ikawa kama inataka kutoka yenyewe. Lakini hilo lilielezwa kwa urahisi sana. Watu wale hawakuwa na utaratibu.

Hapa utaratibu ulikuwepo. Hakuna mtu aliyetoka mle ndani mbele ya mkubwa wake. Kengele ya chakula ilipolia, aliinuka kwanza Baba Mkwe, ambaye kiti chake cha heshima kiliwekwa kulekule mwisho, mgongo wake ukigusana na misumari. Alivaa kofia yake, akaanza safari ya kuuvuka urefu wote wa bekari kwa magoti mabovu, huku wengine wamejibana ukutani kumpisha. Nyuma yake alifuata mwanawe mkubwa, aliyepewa jina la Katiba kwa sababu hakuweza hata kukuomba chumvi bila kutaja kifungu. Halafu wadogo zake wawili, mashemeji wa Mkwe. Halafu Fundi wa tanuri, mwajiriwa, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Halafu Kitinda. Halafu, mwisho wa mwisho, Mkwe.

Kwa umri wa kuzaliwa, Mkwe aliwazidi mashemeji wote wawili na mkewe juu. Lakini Katiba alikwisha kuamua kwamba umri wa mkwe huanza kuhesabiwa siku ya ndoa. Kwa hesabu hiyo Mkwe alikuwa na miaka mitatu, na alitarajiwa kuwa na adabu za umri huo.

"Mtoto akizaliwa," Mkwe aliuliza siku moja, "mimi si nitapanda kidogo?"

"Utapanda wapi, shemeji?" Katiba akamshangaa. "Mtoto ni damu. Damu inatangulia."

"Hata kama hajaanza kutembea?"

"Atabebwa. Wewe utafuata."

Mkwe akacheka, kwa sababu wengine walikuwa wanamtazama kuona kama atacheka. Na ukweli usemwe: aliupenda mstari ule. Alikuwa amekulia kwa ndugu waliopakua chakula na kutawanyika, kila mtu na sahani yake, hakuna anayemngoja mwenzake wala anayeuliza nani hajala. Kusimama nyuma ya mtu, ukijua kwamba hapo ndipo pako na usipokuwepo pataonekana tupu, kulimpa raha aliyoona haya kuitaja. Walipompa kazi ya kuipaka mafuta misumari ya mlango kila Jumamosi, alirudi chumbani kwao uani kifua kimemvimba.

"Wamenipa misumari," alimwambia mkewe.

"Hongera," Kitinda akajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa alichokuwa anashona. "Mimi walinipa nikiwa darasa la pili."

Sasa tuje kwenye moto.

Kando ya tanuri palikuwa na rundo la magunia matupu ya unga. Yalikaa hapo kwa sababu hapo ndipo Babu alipoyaweka. Fundi wa tanuri aliwahi kusema kwamba magunia yale yatolewe nje.

"Babu aliyaweka hapo," alisema Katiba.

"Babu alikuwa na tanuri dogo, bosi. Hili mmelijenga juzi."

"Kwa hiyo wewe unajua kuliko Babu?"

Fundi akarudi kwenye kazi yake. Hilo swali, tangu bekari ianze, halijapata mtu wa kulijibu na kubaki na ajira.

Basi siku ya moto, mchana, mikate ya jioni ikiwa ndani, cheche moja ikaruka mahali ambapo cheche yoyote yenye akili ingeruka. Magunia yakashika. Hayakuwaka kwa kishindo. Yalifuka kwanza, moshi mzito wa kijivu ukatambaa darini, ukashuka ukutani, ukawafikia watu machoni. Fundi akapiga kelele: "Moto!"

Katiba, tumpe haki yake, hakupoteza kichwa. "Mstari!" aliamuru.

Watu wakajipanga.

Upande wa kulia njia ilikuwa wazi. Mtu yeyote angeweza kuinamisha kichwa, akajibana na ukuta, akatokea dukani akiwa na nguo zake zote. Lakini wa kwanza kutoka alikuwa Baba Mkwe, na Baba Mkwe alikuwa amesinzia kwenye kiti chake kulekule mwisho. Kumwamsha mkubwa ilikuwa haki ya anayemfuata. Katiba akaenda, akamgusa bega kwa heshima zote.

"Baba. Moto."

Mzee akafumbua macho, akautazama moshi kama anavyotazamwa mgeni aliyekuja bila taarifa. Akapapasa kichwa chake. "Kofia yangu iko wapi?"

"Baba, magunia yanaungua."

"Nimeona. Nimeuliza kofia."

Hakuwahi kupita mbele ya watoto wake kichwa wazi, na hakuwa na nia ya kuanza siku hiyo. Kofia ilikuwa imeanguka. Mashemeji wawili wakapiga magoti ndani ya moshi kuitafuta chini ya kiti, mkubwa upande wa kulia, mdogo upande wa kushoto, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi. Katiba aliwashikia meza isiwaangukie.

Kitinda alikuwa ameegemea meza ya mikate, mkono mmoja mdomoni, mwingine tumboni. Alikohoa, akakohoa tena, akageuka kumtazama mumewe aliyekuwa nyuma yake.

"Mume wangu, tutoke."

Mkwe aliiona njia. Aliiona mpaka mwisho, mpaka mwanga wa duka na mgongo wa Bibi kwenye kiti chake. Alimwona mkewe, macho mekundu, jasho limemlowesha paji la uso. Akamwambia kwa upole, kama mtu anayemtuliza mtoto kwenye foleni:

"Subiri kidogo, mke wangu. Baba bado hajavaa kofia."

Kitinda akamtazama. Halafu akaenda chini.

Mkwe alimdaka kwapani. Na hata hapo, akiwa amembeba mkewe aliyezimia, alisimama. Alisimama palepale pa mwisho, miguu imepangana vizuri, akimngojea mzee avae kofia.

Aliyevunja utaratibu ni Fundi. Aliruka nje ya mstari bila ruhusa ya mtu, akachota maji kwenye pipa la kukandia unga, akamwaga juu ya magunia, akachota tena, akamwaga, huku akitukana mama za watu ambao hawakuwepo. Moto ukafa kwa hasira na mvuke. Ndipo kofia ikapatikana. Baba Mkwe akaivaa, akaiweka sawa, akatembea mpaka barabarani kwa heshima zake, na nyuma yake wanawe, kwa umri, weusi kama masufuria. Zamu ya Kitinda ilipofika, naye akatolewa.

Zahanati ilikuwa mtaa wa pili. Muuguzi, mama mnene mwenye saa ya kubana kifuani, alimlaza Kitinda kwa ubavu, akamwekea hewa, akasikiliza tumbo kwa muda mrefu.

"Mtoto yupo," muuguzi alisema mwishowe. "Leo yupo. Akivuta moshi mwingine kama huu, mimi siahidi kitu. Alikuwa wapi?"

"Kwenye mstari."

"Mstari wa nini?"

"Wa kutoka."

"Kwani mlango ulikuwa umefungwa?"

"Hapana. Ulikuwa wazi."

Muuguzi aliacha kuandika. Alimtazama Mkwe kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, akamtafuta jeraha ambalo lingeeleza majibu yale, asilione. "Nenda ukamletee kanga safi," alisema, akageukia mgonjwa wake.

Maneno yale ya kusubiri aliyomwambia mkewe hayakumwacha Mkwe. Aliyasikia akinawa uso, aliyasikia akifunga kamba za viatu. Kilichomuuma si kwamba alikuwa mwoga, mwoga angekimbia. Yeye hata woga wake alikuwa ameupanga mstari.

Kesho yake kengele ya chakula ilipolia, watu walitoka kwa utaratibu wao. Kuwa wa mwisho kuna faida moja: ukibaki nyuma, hakuna wa kugeuka kukutazama. Mkwe alibaki. Alichukua nyundo ya meno mawili, akaenda kwenye mlango wa nyuma, akaubana msumari wa kwanza, akavuta. Msumari ulipiga kelele kama paka aliyekanyagwa mkia, ukatoka. Akaubana wa pili, ukatoka nusu.

"Shemeji. Unafanya nini?"

Katiba alikuwa amerudi kuchukua miwani yake.

"Nang'oa msumari."

"Upi?"

"Huu wa kona."

Katiba akashika kichwa. "Huo ni wa Baba!"

Jioni hiyohiyo kikao kiliitishwa sebuleni kwa Baba Mkwe. Wanaume walikaa kwa umri, kuanzia kwenye kochi hadi kwenye kigoda. Kigoda kilikuwa cha Mkwe. Fundi aliitwa, akasimamishwa karibu na pazia. Bibi aliletwa kwa heshima tu, akawekwa kwenye kona yake, kichwa kimeinama kifuani; ilijulikana kwamba vikao vilikuwa usingizi wake mzuri kuliko kitanda.

Katiba alisimama kutoa taarifa. Alianza kwa kuupongeza mstari. Katika hali ngumu ya moshi, alisema, hakuna aliyesukumana, hakuna aliyempita mkubwa wake, na kofia ilipatikana bila kukanyagwa. Isipokuwa mtu mmoja. Fundi wa tanuri alitoka kwenye nafasi yake bila ruhusa.

"Nilikwenda kuzima moto, bosi," alisema Fundi.

"Hakuna anayekulaumu kwa kuzima. Unalaumiwa kwa kutoka."

"Ningezima bila kutoka?"

"Ungeomba."

Fundi alipewa onyo. Alilipokea kwa mikono yake mikubwa, mmoja ukiwa umefungwa bandeji.

Kisha Katiba akaingia kwenye chanzo cha moto. Cheche, alisema, si chanzo. Cheche zimekuwepo siku zote. Chanzo ni kwamba mlango haukuheshimiwa. Jumamosi iliyopita misumari ilipakwa mafuta juujuu. Watu wakageuka kukitazama kigoda. Na kama vile hilo halikutosha, mtu huyohuyo amekwenda na nyundo kuung'oa msumari wa Baba mchana kweupe. Kwa hiyo alipendekeza ubao wa tatu upigwe mlangoni, wa kulala, ili kuutuliza.

Mashemeji wawili wakaunga mkono kabla hajamaliza.

Mkwe akasimama. Hakuwa amejifunza kusema kikaoni; sauti ilimtoka nyembamba.

"Mke wangu nusura afe," alisema. "Na mtoto wangu. Walikuwa hatua chache tu kutoka kwenye mlango huo. Ungekuwa mlango, wangetoka. Nauliza swali moja tu. Ulifungwa kwa nini?"

"Shemeji, hilo haliulizwi," alisema Katiba.

"Nauliza."

"Mlango gani?" sauti ikasema kutoka konani.

Bibi alikuwa ameinua kichwa.

"Wa nyuma, Bibi," alisema shemeji mdogo. "Lala tu."

"Ule wa kuku?"



"Kuku gani, Bibi?" aliuliza Mkwe.

"Kuku wa jirani. Si walikuwa wanaingia na kudonoa unga! Mmoja mweupe alikuwa na kiburi, anapanda mpaka juu ya meza. Nikamwambia babu yenu, ufunge mlango huo mpaka yule mtu ahame na kuku wake. Akahama mwezi uleule. Tukasahau kuufungua." Bibi akavuta ushungi wake. "Kwani bado haujafunguliwa?"

Katiba akakohoa. "Bibi amechoka."

"Nimechoka na nini, nimebeba nini? Mimi ndiye niliyeshika misumari. Babu yenu nyundo alikuwa haijui, alijipiga kidole akatukana mpaka jirani akafunga dirisha."

"Na mstari, Bibi?" Mkwe alikuwa amekwisha kuota mbawa. "Kwa nini mkubwa anatangulia?"

"Alikuwa na njaa," alisema Bibi. "Babu yenu alikuwa na njaa saa zote. Alitaka afike mezani kwanza. Na umbo lile, nani angembishia?"

Shemeji mdogo akaangua kicheko, akakutana na jicho la Katiba, akakimeza chote kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Wote wakamgeukia Baba Mkwe. Mzee alikuwa akiizungusha kofia magotini.

"Tokeni," alisema.

Wakainuka, wakapangana, wakatoka. Bibi akashikwa mkono, akatangulizwa. Mkwe alipofika kwenye pazia, mzee akasema, "Wewe baki."

Wakabaki wawili. Baba Mkwe alimwonyesha kochi. Mkwe hakuwahi kulikalia. Alikaa ukingoni, kama vile lina mwenyewe anayerudi sasa hivi.

"Unadhani mimi sikuwaona hao kuku?" mzee aliuliza.

Mkwe akainua macho.

"Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa na macho. Yule mweupe mimi ndiye niliyekuwa namfukuza."

"Sasa Baba, kwa nini..."

"Baba yangu alipokufa, akakaa baba yangu mdogo. Naye alipokufa, nikakalishwa mimi. Watu wote wamesimama. Nikapewa nyundo na msumari. Ningesema nini? Kwamba nakwenda kupigilia kuku?" Alicheka kidogo, bila furaha. "Nikapigilia. Na ukishapigilia mwenyewe, mwanangu, mambo hubadilika. Ndugu yangu wa tumbo moja nilimfukuza kazi kwa kuutania ule mlango. Mpaka leo hatusalimiani. Unataka kesho nisimame niwaambie watu kwamba nilimfukuza kwa ajili ya kuku?"

"Ndiyo, Baba," alisema Mkwe. "Ndicho ninachotaka."

Mzee akamtazama kwa mshangao, kana kwamba kiti kimesema.

"Kitinda amekaribia kufa," Mkwe aliendelea. "Binti yako."

"Hakufa," alisema Baba Mkwe.

Alilisema taratibu, macho yake yakiwa kwenye kofia. Halafu akavaa kofia, akaiweka sawa, na sura yake ikarudi mahali pake.

"Ubao wa tatu utapigwa Jumapili. Jumatatu Kitinda arudi kazini. Nafasi yake ikikaa wazi, mstari unakatika. Na wewe ule msumari wangu utaurudisha kwa mkono wako."

Kesho yake, Ijumaa, Kitinda aliruhusiwa kutoka zahanati. Mkwe alimlaza kwenye chumba chao cha uani, akamfungulia dirisha, akamweleza kila kitu, kuku na vyote. Kitinda alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na machozi yalipotoka yakawa si ya kicheko tena.

"Baba alijua?"

"Alijua."

Akachezea pindo la shuka. Kutoka bekari ulisikika msumeno: Katiba alikuwa anakata ubao.

"Tuondoke," alisema Mkwe. "Leo. Nitabeba mizigo, nitafanya lolote."

"Tuondoke, halafu?"

"Halafu wewe na mtoto mtakuwa salama."

"Na Fundi? Na hawa kaka zangu wajinga? Na Baba mwenyewe, anayekaa kule mwisho kabisa?" Alijiinua, akaegemea ukuta. "Sisi tukiondoka, mlango utafunguka?"

Mkwe akatazama upande wa bekari.

"Leta karatasi," alisema Kitinda. "Waandikie zimamoto. Wao ndio wenye amri ya kufungua mlango wa mtu."

"Wanaweza kuifunga bekari nzima."

"Wanaweza."

"Na sisi tutafukuzwa chumba hiki kabla wino haujakauka."

"Mume wangu, nimekwambia leta karatasi."

Mkwe akaleta karatasi, akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, ubao wa kukatia mboga magotini. Aliandika kwa muda. Kitinda alifumba macho akisikiliza kalamu.

"Umefika kwenye moto?" aliuliza.

"Bado."

"Uko wapi?"

"Niko kwenye salamu. Nimeshamtaja Baba, kwamba ni mtu wa heshima. Sasa hivi niko kwa Katiba. Nikimaliza mashemeji wawili, naingia kwenye moto."

Kitinda akafumbua macho.

Mkwe aliitazama karatasi yake. Nusu ukurasa, kwa umri, bila hata jina moja kukosea nafasi. Aliikunja, akaitupa chini ya kitanda, akachukua nyingine. Safari hii kalamu ilikwenda haraka. Alipomaliza akasoma kwa sauti:

"Kwa mkuu wa zimamoto. Bekari yetu ina mlango wa nyuma uliopigiliwa misumari. Jumapili hii utaongezewa ubao. Magunia yamewekwa kando ya tanuri na yameshaungua mara moja. Watu hawaruhusiwi kutoka mpaka wakubwa watoke. Siku ya moto, mimi nilisimama wa mwisho, mke wangu mjamzito akiwa mbele yangu, na njia ilikuwa wazi, nikamwambia asubiri. Tafadhali njoni mfungue mlango huu kabla ya Jumatatu. Sisi wenyewe hatutaweza. Hatuzuiliwi na misumari."

Akashusha karatasi. "Hapo kwangu mimi nipaondoe?"

"Pabaki."

"Jina nisiweke, basi. Wataielewa tu."

"Barua isiyo na jina ni umbea," alisema Kitinda. "Itafungiwa vitumbua."

Mkwe alipiga moyo konde, akaandika jina lake, lile walilolisikia siku ya ndoa, herufi moja moja kama mtu anayejikumbusha. Kitinda akanyoosha mkono, akachukua kalamu, akaandika lake pembeni, si juu wala chini. Kisha akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaulamba ukingo, akakunja uso kwa ladha ya gundi, akaubana kwa kidole gumba kutoka mwanzo hadi mwisho.

Mkwe aliitia bahasha ndani ya shati. Alipita uani, akapita mbele ya duka; Bibi alikuwa anamgombeza mteja. Katiba alimwita kutoka ndani, amsaidie kushika ubao. "Narudi," alisema Mkwe, bila kusimama.

Posta ilikuwa karibu kufungwa. Karani aliipima bahasha mkononi, akasoma anuani, akamtazama juu ya miwani.

"Ya kawaida au ya haraka?"

"Ya haraka."

Karani akaigonga muhuri, akaitupa kwenye mfuko uliokuwa mlangoni, na kijana wa gari la posta akaufunga mfuko mdomo kwa kamba, akautupa begani, akatoka nao.